Jiko la kuni la bomba: lisafishe Septemba hii, usingoje Juni ijayo

Fundi Mabomba

Wakuu, habari za majukumu.

Baridi ndiyo hiyo inaaga. Mlima Meru umeanza kuonekana tena asubuhi, masweta yanarudi kabatini, na yale majiko ya kuni yaliyokuwa yakiunguruma sebuleni tangu Juni yanageuzwa meza za kuwekea maua. Kabla hujaweka chungu cha maua juu ya la kwako, soma hapa kwanza.

Kazi yangu ni kuchomelea na kufunga mabomba ya moshi. Wateja wangu wengi wako Ilboru, Njiro, Ngaramtoni na Usa River, wengine Karatu na kule juu Marangu. Simu zinaanza kumiminika katikati ya Juni, baridi ikishawapiga watu kisawasawa. Fundi, jiko linarudisha moshi ndani. Fundi, bomba limetoboka. Fundi, mlango umeganda. Ukienda kuangalia, hadithi ni ileile: Agosti mwishoni jiko lilizimwa, likafungwa mlango na jivu lake tumboni na masizi yake shingoni, likasahaulika.

Sasa shida iko hapa. Majiko haya mengi yanatoka Ulaya, ama yenyewe ama michoro yake, na vijitabu vyake vinazungumza na mtu wa Ulaya. Kule jiko linapumzika miezi ya joto. Kwetu linapumzika kuanzia Septemba mpaka Mei, maana yake linalala likiwa baridi katika vuli yote na masika yote. Misimu miwili ya mvua inalipitia bila moto hata wa dakika tano. Jivu lina chumvi chumvi na linapenda unyevu. Linaunyonya hewani na kuushikilia juu ya chuma. Masizi ya kuni yana asidi, nayo yakilowa yanaanza kula bomba kwa ndani. Nimeona sahani za chini zilizooza na kutoboka kwenye majiko ambayo hayajawahi kupata moto mkali maishani mwake. Moto haukuyaua. Yaliuawa na Aprili.

Ndiyo maana nasema usafi wa jiko kwa mikoa yetu ni kazi ya mwisho wa msimu. Ukisafisha Juni umesafisha maiti.

Naeleza ninavyofanya, anayejua zaidi aongeze.

Kwanza jiko lipoe kabisa. Kaa lililofunikwa na jivu linaweza kukaa na moto siku kadhaa, kwa hiyo jivu litoke kwa koleo la chuma, liingie kwenye debe au ndoo ya bati yenye mfuniko, likae nje juu ya udongo au zege, mbali na ukuta wa mbao. Ndoo ya plastiki hapana. Kiroba hapana kabisa.

Anza na bomba, ndipo uje kwenye jiko, kwa sababu uchafu wote unashuka. Ndani ya majiko mengi, juu kabisa, kuna sahani ya chuma au ya tofali inayolazimisha moshi uzunguke kabla ya kupanda. Itoe kwanza. Usipoitoa, masizi yote uliyoyaangusha yatakaa juu yake, na hiyo ndiyo "fundi nimesafisha lakini bado linarudisha moshi" ninayoisikia kila mwaka. Tandika turubai, funika mdomo wa jiko kwa kitambaa kibichi, vaa barakoa na miwani. Brashi iwe na kipenyo kilekile cha bomba: bomba la inchi sita, brashi ya inchi sita. Kwa dohani ya matofali tumia brashi ya waya, kwa bomba la stenlesi tumia ya plastiki ngumu ili usilikwaruze.

Kama nyumba ni ya chini na bomba lako ni la vipande, raha zaidi: fungua skurubu, toa vipande nje, vipige brashi uwanjani. Lakini ukirudisha, tafadhali, ule mwisho uliobanwa mwembamba uelekee CHINI, uingie ndani ya kipande kilicho chini yake. Mafundi wetu wengi wanaugeuza kwa sababu wanafikiria moshi unaopanda. Fikiria lami ya moshi inayoshuka. Ukipanga hivyo, maji meusi yanateremka ndani ya bomba mpaka jikoni na kuungua. Ukigeuza, yanachuruzika nje kwenye ukuta wa sebule uliopakwa rangi juzi, na harufu yake haitoki.

Halafu jiko lenyewe. Matofali ya moto yakiwa na ufa mwembamba, yaache. Yakimomonyoka au yakiachia nafasi mpaka chuma cha nyuma kinaonekana, badilisha. Kamba ya mlango, ile inayozunguka ukingo wake kuzuia hewa isivuje, ipime kwa karatasi: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi, kamba imechoka upande huo. Pima mlango mzima, siyo sehemu moja. Kioo unakisafisha kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye jivu laini, bure kabisa, na kinang'aa kuliko kwa dawa za dukani. Kutu piga brashi ya waya, fuatia msasa, futa vumbi, kisha paka rangi ya kuhimili moto. Zile rangi za kupuliza za ekzosti zinazouzwa kwenye maduka ya spea zinafaa, ila soma kopo linasema nyuzi ngapi. Isiwe chini ya 600 za Selsiasi. Moto wa kwanza baada ya rangi utatoa harufu kali, fungua madirisha. Bawaba na komeo usipake mafuta ya kupikia wala oili chafu, vinaungua na kuganda. Chonga penseli, unga wake mweusi ni grafaiti, paka huo.

Mwisho panda juu uangalie kofia ya bomba na lile bati linalozunguka bomba pale linapotokea kwenye paa. Maji ya masika yanapita hapo.

Ukimaliza, acha mlango wa jiko wazi kidogo na vidirisha vya hewa wazi, hewa ipite. Uzi tayari.

chalii_wa_Ilboru

Mkuu nimekaa siti ya mbele. La kwangu lina chungu cha maua tayari, tena waifu ameweka na kitambaa 😂

Swali: ndani ya bomba langu masizi siyo unga. Yanang'aa kabisa, meusi, kama yamepakwa vanishi. Brashi inateleza tu. Hiyo ni nini?

Fundi Mabomba

Chalii, hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kutu. Ni kreosoti, lami ya moshi, na ya kwako imefika hatua ya mwisho.

Moshi wa kuni ukipita kwenye bomba la baridi, mvuke wake unaganda ukutani. Chini ya nyuzi kama 120 hivi unaanza kushika. Ukiwa unachoma kuni kavu kwa moto mchangamfu, unachopata ni unga mweusi, brashi inaumaliza. Kuni zikiwa na unyevu unapata magamba. Kuni mbichi pamoja na tabia ya kubana hewa usiku ili moto udumu mpaka asubuhi, unapata hicho kioo cheusi. Kinashika moto. Siku ukiwasha jiko kwa nguvu kinaweza kuwaka ndani ya bomba, joto likapita nyuzi 1,000, bomba likaunguruma na kutetemeka. Hapo paa la mbao na singibodi haviko salama.

Marekani kanuni namba 211 ya NFPA, chama cha kule cha kujikinga na moto, inataka bomba likaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na wasafishaji wa kule wanaanza kazi masizi yakifika unene wa milimita 3. Ya kwako usiikwangue kwa bisibisi, utatoboa bomba. Kama ni vipande vya chuma cha kawaida, mara nyingi nafuu ni kununua vipande vipya. Na uniambie unachoma kuni gani na unabana hewa vipi.

chalii_wa_Ilboru

Nanunua kwa mkokoteni, mikaratusi. Inalia shiii ikiwa ndani. Na ndiyo, usiku nabana mpaka mwisho.

Fundi Mabomba

Umejijibu.

Mama Kihamba

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Fundi umesema vizuri, ila umesema na watu wa sebuleni. Sisi huku Kibosho jiko halina likizo. Tuna jiko la tofali lenye bomba, mwaka mzima linapika: ndizi, maharage, maji ya kuoga, na mbege ikiwa kuna shughuli. Je, sisi tulisafishe lini? Na jivu je, mimi namwaga kwenye migomba na kahawa, nimerithi hivyo kwa mama mkwe.

Fundi Mabomba

Shikamoo mama. Jiko linalowaka kila siku haliozi kwa unyevu kama ya sebuleni, joto lenyewe linalikausha. Shida yako ni masizi. Kwa moto wa kila siku piga bomba brashi kila mwezi, usisubiri dalili. Dalili zenyewe ni moto kuwa mzito kuwaka na moshi kutokea mlangoni unapochochea. Nyufa za tofali ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi fupi, ukauke taratibu bila moto, kisha moto mdogo mdogo. Saruji ya kawaida usiweke karibu na moto, inapasuka na kudondoka.

La jivu nawaachia wakulima.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba Mama Kihamba. Migomba sawa kabisa, inapenda potashi na jivu lina potashi ya kutosha. Kahawa nenda nayo taratibu. Arabika yetu inataka udongo wenye asidi kidogo, na jivu linapunguza asidi kama chokaa. Nyunyiza kidogo, sambaza mbali na shina, usirundike. Viazi mviringo usiviwekee, jivu linachochea ugonjwa wa magamba ya ngozi. Tena usichanganye jivu na yurea au samadi mbichi kwa wakati mmoja, naitrojeni nyingi inaruka hewani ikiwa amonia.

Na jivu la mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, vipande vya nguzo na mabaki ya kupaua, lisiguse shamba. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, na aseniki haiungui, inabaki kwenye jivu. Kwanza mbao hizo zisichomwe kabisa, iwe jikoni au sebuleni.

Fundi Mabomba

Nakazia kwa wino mwekundu. Na mifuko ya plastiki ya kuwashia moto pia. Plastiki ya mabomba ya PVC ikiungua inatoa asidi inayokula chuma. Nimebadilisha mabomba ya stenlesi kwa sababu hiyo, mabomba ambayo kwa kuni kavu yangemzeesha mwenye nyumba.

NishatiSafiTu

Samahani kwa kuharibu raha. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, halafu nyinyi humu mnafundishana kupaka rangi majiko ya kuni. Misitu ya Meru na Kilimanjaro inakwisha. Nunueni hita ya umeme.

chalii_wa_Ilboru

Umeme ukikatika saa tatu usiku mwezi wa saba uje utukumbatie?

Ngaramtoni Baridi

@NishatiSafiTu mkakati huo ni wa kupikia, kama jina lake linavyosema. Gesi ya kupikia ninayo, sipingi. Lakini huku kwetu karibu na Olmotonyi Julai unaamka nyuzi kumi au chini, una watoto na bibi ana miaka themanini. Tunachoma matawi ya mgrevilea tunayopogoa wenyewe shambani. Hatujaingia msitu wa hifadhi.

Fundi Mabomba

NishatiSafiTu hujaharibu chochote, una hoja. Ila ona: jiko la chuma lililofungwa vizuri, lenye kamba nzima na kuni kavu, linakula kuni chache sana kuliko dohani ya wazi ambayo joto lake jingi linapanda na moshi. Jiko bovu ndilo linalomaliza msitu. Mtu wa kuni akiendelea kutumia kuni, mimi nataka atumie chache. Pale Arusha kuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini, miaka mingi wanashughulika na majiko banifu na baiogesi, anayetaka kuhama kabisa aende akaulize. Hita ya umeme kwa chumba kimoja cha kulala, naunga mkono.

Nesi wa Zamu

Naomba nisemee upande wangu. Mwenye jiko la bomba ana afadhali. Wanaoniumiza kichwa msimu wa baridi ni wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mkaa ukishakolea na moshi kuisha ndipo watu wanasema "sasa ni salama", kumbe sumu inaendelea kutoka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, mtu anadhani ni malaria au uchovu. Nyumba nzima mkiumwa kichwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute dawa kwanza: tokeni nje, fungueni madirisha, nendeni hospitali.

Fundi, hata jiko lenye bomba likiziba si linaleta hewa hiyohiyo?

Fundi Mabomba

Hiyohiyo, dada. Bomba lililozibwa na kiota linageuza jiko zuri kuwa jiko la mkaa la chumbani. Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyopiga kelele hewa hiyo ikizidi. Mwenye jiko la kuni sebuleni akipata kimoja, asisite.

Kipara wa Pasua

Mnajisumbua na mabrashi. Babu yangu alikuwa anafunga mnyororo kwenye kamba, anaushusha kwenye dohani, anautikisa, kwisha habari. Mwingine anaweka gunia la mawe. Miaka yote.

Fundi Mabomba

Mangi, babu yako alikuwa na dohani ya mawe ya mlimani yenye ukuta wa nusu mita. Ukishusha mnyororo kwenye bomba la bati la kisasa unalibonyeza, na kwenye dohani ya tofali la kuchoma unang'oa lipu kati ya matofali. Moshi unapata njia ya kupenya mpaka kwenye dari. Hujui mpaka siku unaona weusi kwenye kona ya chumba cha kulala cha juu.

Na tukiwa kwenye bati: wengi mnatengenezewa mabomba ya bati la mabati, lile la zinki la kuezekea. Kwa kofia ya juu sawa. Kwa kipande kinachotoka moja kwa moja kwenye jiko, hapana. Ni jembamba, na zinki ikipata joto kali inatoa moshi wenye madhara. Kipande hicho kiwe chuma cheusi cha milimita 2.

Kipara wa Pasua

Sawa mkuu, dohani ya babu kweli ni ya mawe. Hapo nimekuelewa. Juu yake sasa hivi kuna nyuki lakini.

Fundi Mabomba

Usiwashe moto kuwafukuza. Nta ikiyeyuka ndani ya dohani inawaka, na nyuki wataingia ndani ya nyumba badala ya kutoka. Tafuta mfugaji wa nyuki, huko mlimani hamkosi, aje usiku awahamishe na masega yatolewe yote, la sivyo kundi jingine litafuata harufu. Ndipo ufunge wavu wa waya juu, wa kuzuia ndege. Matundu yawe ya sentimita 2 hivi. Wavu wa mbu hapana, masizi yatauziba kwa msimu mmoja.

Mtunza Nyumba Usa

Uzi huu umenifaa sana. Natunza nyumba ya zamani iliyokuwa ya shamba la kahawa, Usa River. Ina dohani mbili za matofali na jiko kubwa la chuma cha kumimina ambalo hakuna anayejua liliingia lini. Nimefungua mlango kubadilisha kamba kama ulivyosema. Ya zamani ni nyeupe kijivu, ina manyoya manyoya, inapukutika ukiigusa. Nilitaka kuikwangua leo jioni.

Fundi Mabomba

USIIKWANGUE. Funga mlango wa jiko taratibu, nawa mikono, nisikilize.

Majiko ya zamani yalifungwa kamba za asbesto. Maelezo yako yanafanana nayo, na kwa macho hakuna anayeweza kukuhakikishia. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na saratani yake inaweza kujitokeza baada ya miongo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Kwa hiyo unaichukulia kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Haikwanguliwi ikiwa kavu, haipigwi brashi ya waya, haifagiliwi. Waambie wenye nyumba watafute watu wenye vifaa na utaalamu wa kuiondoa. Na angalia bomba pia: nyumba za umri huo nyingine zina mabomba ya saruji ya asbesto, mazito, rangi ya kijivu, sawa na yale mabati ya zamani ya asbesto mnayoyajua kwenye mapaa ya shule na ofisi. Nayo hayakatwi kwa grenda.

Kamba za kisasa ni za nyuzi za kioo, hazina shida hiyo. Pima unene wake kwa ile iliyotoka, nyingi ni milimita 8, 10 au 12. Nene kupita kiasi mlango haufungi, nyembamba unavuja.

Mtunza Nyumba Usa

Asante sana kaka. Nimeufunga. Nimeweka karatasi imeandikwa "usifungue". Nitawaandikia wenye nyumba.

Ngaramtoni Baridi

Fundi, umesema mlango uachwe wazi. Jirani yangu anafanya kinyume, anasokomeza gunia ndani ya bomba ili ndege wasiingie na baridi isishuke. Nani sahihi?

Fundi Mabomba

Gunia linazuia ndege, lakini linafungia unyevu ndani, na huku kwetu unyevu ndio adui. Kofia nzuri na wavu vinafanya kazi ya gunia bila kuzuia hewa. Ila kama hana kofia na lazima azibe, basi atundike kibao kwenye mpini wa mlango wa jiko: BOMBA LIMEZIBWA. Juni mgeni au mtoto atawasha moto bila kuuliza.

Masika yakikaza, mwezi wa nne, washa moto wa saa moja siku moja moja. Kuni kavu, hewa wazi, usiubane. Unakausha jiko na unafukuza popo kabla hawajazoea.

Mstaafu wa Misitu

Naongezea la kuni, kwani naona mmemkimbia chalii wa Ilboru bila kumsaidia.

Kusafisha jiko bila kuandaa kuni ni nusu ya kazi, na zote ni za mwezi huu. Mti ukikatwa mbichi, maji yanaweza kufika nusu ya uzito wake. Jiko linataka kuni zenye unyevu chini ya asilimia 20. Sasa hivi mpaka mvua za vuli una wiki kadhaa za jua na upepo. Nunua sasa, pasua sasa. Mkaratusi pasua ukiwa mbichi. Ukikauka unarudisha shoka. Mgrevilea ni mwepesi kupasua na unakauka upesi, ila unaisha upesi pia. Mashina ya kahawa mnayoyang'oa mkipanda upya ni kuni nzuri mno, yana moto wa kudumu. Misindano na mitarakwa tumia kuwashia.

Panga kuni juu ya mawe au magogo, zisiguse ardhi, mchwa wa Moshi na Arusha hawana huruma. Funika juu tu kwa bati. Kando acha wazi. Watu wanafunika rundo zima kwa turubai mpaka chini, zinaota ukungu. Zitapita vuli na masika chini ya bati na Juni ziko tayari. Ukigonga mbili zikilia kavu, ncha zina nyufa na ganda linaachia, choma. Zikilia "pu", zirudishe.

chalii_wa_Ilboru

Mzee shikamoo. Zangu zinalia pu zote.

Mstaafu wa Misitu

Marahaba. Ziko wapi?

chalii_wa_Ilboru

Chini ya turubai.

Mama Kihamba

😂😂 Mwanangu toa hilo turubai leo leo. Na mimi nauliza la mwisho: bomba letu limetoka kwenye paa kidogo tu, upepo ukitoka mlimani jioni moshi unarudi jikoni hata likiwa safi.

Fundi Mabomba

Mama, bomba lenu ni fupi. Kanuni wanayoitumia Marekani ni nzuri hata huku: bomba lipite paa kwa sentimita 90 pale linapotokea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka lilipo, iwe ni mgongo wa paa au ukuta. Migomba na miti iliyoinamia bomba nayo ikatwe. Upepo ukigonga paa unajikunja na kushuka, bomba fupi linaumeza. Ongeza kipande kimoja, kishikize kwa waya tatu, uone.

NishatiSafiTu

Fundi, sijabadilika, lakini shemeji yangu yuko Marangu na ana jiko kama hilo. Akishasafisha na kufunga kila kitu, atajuaje limekaa sawa bila kusubiri Juni?

Fundi Mabomba

Awashe siku hiyohiyo. Kwanza karatasi mbili tu za gazeti, bila kuni, mlango wazi kidogo. Mtu mmoja ndani, mwingine nje anaangalia kofia. Moshi uonekane juu ndani ya nusu dakika hivi. Ukisita, bomba ni baridi, arudie mara moja. Ukiendelea kusita kuna kitu kimebaki, aangalie ile sahani ya ndani kama imekaa mahali pake na haijarudishwa kinyume. Moto ukishika aweke vijiti vikavu, afunge mlango, apitishe ubani au udi unaofuka taratibu kuzunguka kingo za mlango na kila kiungo cha bomba. Moshi wa udi ukivutwa kuelekea ndani, pale panavuja hewa. Viungo azibe kwa simenti maalumu ya kuhimili moto, mlango ni kamba.

Nitakuwa Karatu mpaka Ijumaa na mtandao kule unasuasua. Wenye picha za mabomba yenu wekeni hapa, hasa viungo na pale yanapotokea kwenye paa, nikirudi nitazipitia moja moja. Chalii, ya kwako ninaitaka kwanza, na chungu cha maua kikiwa kimetolewa.